Beseni Juu ya Ukuta

Ilikuwa mwaka ule mto ulipofurika ukabeba daraja la mbao. Hapana, nimekosea. Daraja liliondoka mwaka uliofuata, maana siku ninayotaka kuisimulia tulipita juu yake mbio mbio, na aliyeshika usukani nilikuwa mimi. Basi ni mwaka uliotangulia, ule ambao ofisi yetu ilipata ruhusa ya kuajiri watu baada ya kuomba mpaka midomo ikachoka. Naukumbuka kwa sababu Mkuu wetu alinunua shati jipya kwa ajili ya siku ya usaili, akalivaa na kijikaratasi cha bei kikining'inia kwapani, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya ustawi wa jamii, upande wa watoto na familia. Kwa asiyeijua kazi hiyo: mtoto akipigwa kupita kiasi, akitelekezwa, akifiwa na wazazi akabaki mikononi mwa ndugu asiyemtaka, afisa wa ustawi ndiye anayepiga hodi. Anakaa, anasikiliza, anaondoka, anarudi tena. Kazi yenyewe hasa ni kule kurudi. Mimi nilikuwa dereva wao. Gari letu lilikuwa la kijivu, na mlango wake wa nyuma ulifunguka kwa nje tu, kwa hiyo kila niliyembeba alinisubiri nishuke nimfungulie kama waziri.

Tulikuwa nyuma ya ghala la saruji. Ukipangusa meza asubuhi, mchana unaandika jina lako kwa kidole. Na meza zilikuwa nyingi, watu ndio hawakuwepo. Mmoja aliolewa mbali. Mmoja alikwenda benki. Mmoja daktari alimwambia achague, kazi au presha. Mmoja alisema anatoka kidogo kula, mpaka leo anakula. Wa mwisho kuondoka alikuwa kijana tuliyemwita Miwani, afisa mzuri sana, watoto walimpenda. Aliondoka ghafla akaenda kuuza magodoro.

Wakabaki Mkuu na Anti Koti.

Huyo Anti Koti ndiye ninayetaka mumjue. Alikuwa binti wa fundi cherehani, kitinda mimba, mwembamba, anayetembea kama aliyeachwa na basi. Jina hilo alipewa na watoto kwa sababu ya koti la mvua la marehemu baba yake, kubwa, lenye mifuko kila upande, ambalo alilivaa hata jua likiwaka. Mle mifukoni mlikuwa na biskuti, sabuni, penseli, plasta za vidonda, na siku moja nilimwona akitoa kijiko. Nikamwuliza, "Binti, kijiko cha nini?" Akasema, "Mzee, ukikuta mtoto ana uji na hana kijiko utafanyaje?"

Alipanga chumba kimoja kwa mama mwenye nyumba mwenye maneno. Jioni alirudi amechoka hata hodi ya jirani haitikii. Familia alizoachiwa na wale walioondoka zilikuwa nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kukumbuka majina. Alianza kuchanganya watoto. Siku moja alimwita mtoto jina la dada yake aliyefariki, na alilia garini njia nzima, nami nikajifanya nasikiliza injini.

Basi asubuhi hiyo ya usaili, tukiwa njiani kwenda kutembelea nyumba moja ng'ambo ya mto, akaniambia:

"Mzee, nina siri. Usimwambie Mkuu."

"Mimi kaburi."

"Kaka yangu amenipatia kazi ofisini kwake, kampuni ya mizigo. Jumamosi wanapumzika, mzee! Mwisho wa mwezi naondoka. Nasubiri tu wapatikane hawa wapya leo, niwakabidhi nyumba zangu, nisimwache Mkuu peke yake akaanguka."

Nikasema, "Unastahili, mwanangu," na nilikuwa namaanisha.

Nyumba tuliyokuwa tunakwenda walikaa watoto wawili waliofiwa na wazazi wao, binti na mdogo wake. Binti tulimwita Kidoti kwa ile alama nyeusi kidevuni. Walilelewa na baba yao mdogo, mtu mwenye tabasamu pana lisilofika machoni. Zamani nyumba hiyo ilikuwa chini ya Miwani. Anti Koti aliirithi, na hii ilikuwa mara yake ya pili kuingia.

Mimi kwa kawaida nabaki nje, lakini siku hiyo alinipa nimbebee mfuko wa unga na daftari za watoto, kwa hiyo niliyaona mwenyewe. Sebule ya makochi yenye plastiki, televisheni iliyofunikwa kitambaa, saa ya ukutani iliyokufa. Na chini, karibu na mlango, gunia dogo lililoshonwa mdomo na begi la shule. Juu ya begi, viatu vya shule vimefungwa pamoja kwa kamba zake. Wala haikuwa likizo.

"Karibuni wageni wa serikali," baba mdogo alisema bila kuinuka. "Mmekuja siku nzuri. Watoto wanasafiri."

"Wanasafiri kwenda wapi, kaka?"

"Kutembea. Kwa ndugu huko mbali. Wakabadilishe hewa."

"Na shule?"

"Shule haina miguu, dada. Wataikuta."

Kidoti alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha ndani, mdogo wake ameng'ang'ania sketi yake. Hakutuamkia. Alimtazama Anti Koti kama mtu anayemdai.

"Niliweka beseni," akasema.

"Beseni gani, mama?"

"La bluu. Niliweka ukutani. Juzi, na jana, na leo. Hukuja."

Baba mdogo akacheka. "Huyu anapenda kufua huyu! Hata nguo safi anafua. Nenda ukalitoe, usitujazie nyumba."

"Mwache, kaka," Anti Koti alisema upesi. "Nitalitoa mimi nikitoka. Huo usafiri wao ni saa ngapi, niwaage vizuri?"

"Lori la rafiki yangu. Litapita alasiri."

"Haya. Safari njema."

Kidoti aliposikia "safari njema" aligeuka akaingia ndani na mdogo wake. Tulitoka. Beseni lilikuwa juu ya ukuta wa uani, upande wa barabara, limelazwa kifudifudi na jiwe juu yake ili upepo usilibebe. Anti Koti alilipapasa kwa ndani. Kavu. Nguo hakuna, kamba ya kuanikia tupu. Hakulitoa. Aliingia garini na uso umemparama.

"Mtoto hafui na jiwe, mzee. Amenisemesha na mimi sikuelewa. Twende kwa Miwani. Kanyaga."

Duka la magodoro lilikuwa kwenye njia ya kurudi ofisini. Miwani alikuwa amevaa tai, amenenepa kidogo, anampimia mama mmoja godoro kwa mikono.

"Jamani, Anti Koti! Na mzee wangu! Leo mmekuja kununua usingizi?"

"Ulipatana nini na Kidoti kuhusu beseni?"

Tabasamu likamtoka kama limefutwa kwa kitambaa. Akaketi juu ya godoro lililokuwa bado kwenye nailoni, likapiga kelele.

"Ameliweka?"

"Tangu juzi."

"Mungu wangu." Akavua miwani. "Nilimwambia, hali ikiwa mbaya na huwezi kusema mbele yake, lilaze juu ya ukuta. Mimi nilikuwa napita njia ile kila siku nikienda kazini. Nikiliona nakuja hapo hapo, siku ya ziara au siyo."

"Na hukuniambia."

"Nilikukabidhi kila kilichoandikwa. Beseni halikuandikwa. Ungeandika wapi jambo kama hilo? Lilikuwa letu sisi wawili." Akashika kichwa. "Nilisahau, dada. Nilipofunga mlango wa ofisi ile nilitaka kusahau kila kitu."

"Kaka, hili la chini je?" yule mama mnunuzi akauliza.

"Anawasafirisha leo alasiri," Anti Koti alisema. "Kwenda kwa ndugu."

"Ndugu gani? Hawana ndugu huko. Aliwahi kuniambia mwenyewe, amelewa, kwamba kuna mtu anamtaka binti akafanye kazi za ndani, na mdogo wake akachunge. Atalipwa yeye. Nilimtisha kwa sheria akanywea. Wakienda hawaonekani tena, nakuambia. Nije na nyinyi?"

"Uje kama nani? Muuza magodoro?"

Kijana wa watu akarudisha miwani usoni. Nilimwonea huruma, lakini hapakuwa na muda wa huruma.

Sasa lazima niwaeleze utaratibu, maana hapo ndipo palipokuwa na mtego. Mtoto hatolewi nyumbani na afisa mmoja. Lazima wawe wawili, mmoja aongee na wakubwa, mwingine awe na watoto, na askari awepo. Utaratibu huo uliwekwa baada ya afisa mmoja wa zamani kwenda peke yake akasingiziwa ameiba mtoto, watu nusura wamuue. Dereva hahesabiki. Nilijaribu kusema, "Mimi je?" akanijibu, "Mzee, wewe ukihesabiwa tutafungwa wote." Na afisa wa pili alikuwa mmoja tu, Mkuu, naye yuko kwenye usaili.

Tulipofika ofisini, kibaraza kilikuwa kimejaa vijana waliovaa nguo za pasi, wamebanana kwenye mabenchi, kila mmoja na bahasha yake mapajani. Anti Koti alipita katikati yao na lile koti, wakamtazama kama wanavyotazama mgonjwa anayetolewa chumba wanachosubiri kuingia wao. Alifungua mlango bila hodi. Mimi nikasimama kizingitini.

Ndani Mkuu alikuwa amekaa na Bwana Makao Makuu, mtu aliyetumwa kutoka juu, mpole wa sauti, mwenye kalamu mbili mfukoni. Mbele yao binti mmoja kwenye kiti, ameshika magoti yake.

"Mkuu, nahitaji afisa wa pili. Sasa hivi."

Mkuu alimtazama. "Afisa wa pili ni mimi."

"Najua."

"Ni nyumba gani?"

"Ya Kidoti. Anawapakia kwenye lori alasiri hii."

Bwana Makao Makuu akakohoa. "Samahani, dada. Usaili nao unataka watu wawili. Mkuu akitoka, mimi siruhusiwi kuuliza hata swali moja. Na kesho niko mji mwingine."

"Tumalize hawa wachache kwanza?" Mkuu aliuliza, lakini alikuwa anamwuliza Anti Koti kwa macho ya kuomba. "Dada yangu, unajua nimeipigania siku hii kwa muda gani. Nafasi tano! Nikipata watu watano, mambo kama haya hayatatokea tena."

"Lori halijui usaili, Mkuu."

"Ruhusa hii ikirudi mikono mitupu," Bwana Makao Makuu alisema taratibu, na nilisikia kwamba hakufurahia kulisema, "huko juu watasema hamna haja ya watu."

Yule binti kwenye kiti hakujua aangalie wapi, akaangalia miguu yangu. Nilijua jambo ambalo Mkuu hakulijua, kwamba Anti Koti alipokuwa anamtoa mle chumbani alikuwa anaitoa na Jumamosi yake ya kupumzika. Alilijua vizuri kuliko mimi. Alisimama vile vile.

Mkuu akainuka. Alipoinua mkono kuchukua kofia yake, kile kijikaratasi kikajitokeza kwapani. Bwana Makao Makuu akakiona, akahamishia macho kwenye karatasi zake.

"Utanisamehe, mwanangu," Mkuu alimwambia yule binti. Na kule kibarazani alisema maneno mawili tu, "Subirini kidogo," akawapita. Hakuwaambia tunakwenda wapi. Mambo ya watoto hayatangazwi barazani, huo nao ni utaratibu.

Tulimchukua askari kwenye kituo kilicho kabla ya daraja, mwanamama mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Daraja lilinguruma chini yetu, mbao moja ikaruka, Mkuu akasema, "Mzee, tufike wazima," Anti Koti akasema, "Mzee, kanyaga," na mimi nikamsikiliza Anti.

Lori lilikuwa limeshafika. Injini inanguruma, gunia lipo juu, Kidoti yupo juu, anampokea mdogo wake kutoka mikononi mwa baba mdogo. Njia ya pale ni nyembamba, ukuta huku na mtaro huku. Nikaliingiza gari letu mbele ya lori na kuzima.

Dereva wa lori akatoa kichwa. "We mzee! Umepaki au umehamia?"

"Limezima, mwanangu. Lina tabia hiyo."

"Lisukume!"

"Mgongo."

"Mgongo wako unanihusu nini? Nitalipanda hilo kopo lako!"

"Panda, baba. Ni la serikali."

Nikashuka kuwafungulia mlango wa nyuma. Kwa haraka nikakosa kishikio mara mbili. Mkuu akamwendea baba mdogo, askari kando yake. Kelele zilizofuata siwezi kuziandika zote. Alisema hao ni damu ya kaka yake, alisema sisi ni wezi, majirani wakaanza kutoka, mmoja ameshika mchi. Mkuu hakupandisha sauti hata kidogo. Alirudia sentensi ile ile moja, "Tuambie jina la huyo ndugu na mahali anapoishi," na kila alivyoirudia ndivyo yule bwana alivyozidi kupiga kelele bila kutaja jina. Hatimaye jirani mwenye mchi ndiye aliyeuliza, "Si umtaje tu, bwana? Ndugu gani huyo hana jina?" Hapo upepo ukageuka.

Anti Koti alikuwa upande wa pili wa lori, mikono juu. "Shuka, mama. Nimekuja."

Kidoti hakusogea. "Mjomba Miwani naye alisema atakuja."

"Ni kweli alisema."

"Na wewe utaondoka?"

Anti Koti angeweza kumdanganya, mtoto angeshuka upesi, na yule bwana alikuwa anajaribu kumzunguka askari. Lakini alisema, "Sijui, mama. Leo nipo. Mpe mdogo wako aje mkono huu."

Mtoto alimpima kwa macho, muda ambao mimi niliuona mrefu kama msimu wa kiangazi. Kisha akamteremsha mdogo wake kwanza, na yeye akafuata. Tuliwapeleka kwa mama yao mkubwa, dada wa marehemu mama yao, ambaye Anti Koti alishawahi kuongea naye. Njiani mdogo alikula biskuti zote za mfuko wa kushoto.

Tuliporudi ofisini jua lilikuwa limeshuka. Mabenchi matupu. Bwana Makao Makuu alikuwa kibarazani na kikombe cha chai kilichopoa.

"Nilikaa," alisema. "Walianza kuondoka mmoja mmoja. Wengine waliniuliza mmekwenda wapi, nami sikujua la kuwaambia. Wakasema ofisi gani hii, bosi anakimbia katikati ya swali. Yule binti wa kwenye kiti ndiye aliyeanza."

Mkuu akaketi, kofia mkononi. Anti Koti hakuketi. Alikuwa anaangalia benchi la mwisho, kwenye kona. Pale kulikuwa na kijana mnene, kichwa ukutani, kinywa wazi, bahasha imemwangukia miguuni. Anakoroma.

"Na huyu?"

"Huyo amelala tangu mlipoondoka. Sikumwamsha, niliona ni dhambi."

Wakamwamsha, wakamsaili pale pale kibarazani. Aliulizwa kwa nini anaitaka kazi hii, akajifuta mate, akasema, "Naomba mrudie swali." Wakamwajiri. Wangefanyaje?

Tulimwita Bwana Usingizi, na tulimwonea, kwa sababu kazini hakulala hata siku moja. Anti Koti alimpigia simu kaka yake akamwomba amsubiri kidogo. Kaka alisubiri, halafu akachoka akampa mtu mwingine nafasi ile. Zile nafasi nne zilipotea kama Bwana Makao Makuu alivyosema. Wakawa maafisa watatu. Anti Koti alibaki mpaka nywele za mbele zikaanza mvi, na alipoondoka, kwa sababu mwisho aliondoka, miguu ikimsumbua, alimchukua Bwana Usingizi nyumba hadi nyumba, mimi nikiwaendesha. Kila mlango alimwambia mtoto mbele yake: mwambie anti wako mpya wa kiume yale ambayo hatukuyaandika. Watoto walikuwa na mambo, mnasikia? Mmoja alikuwa na mluzi. Mmoja alikuwa na dirisha la kuacha wazi. Kidoti hatukumkuta, walishahama na mama mkubwa, na sijui yuko wapi leo.

Mimi nimestaafu siku nyingi. Bwana Usingizi sasa ndiye mkuu pale, naye anatangaza nafasi kila mwaka, na mabenchi hujaa na kupungua vile vile. Huwa napita kunywa naye chai. Siku moja nilimwuliza lile ambalo nimekuwa nikilibeba muda wote huu, na nimeshawauliza wengine kuhusu yeye, Mkuu wa zamani, Miwani, hata yule askari, wote wakanizungusha. Yeye alicheka, akaniongezea sukari, simu ikalia, akaingia ndani. Nilimwuliza hivi: siku ile ungekuwa macho, baba, na mtu akakuambia tumekwenda kufanya nini, ungebaki kwenye benchi au ungewatangulia wenzako kuondoka?